Mdogo wangu analipia habari za mzigo ulioko njiani: nimzuie?

Mwana wa Kirumba (mleta mada)
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi na mdogo wangu tunauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mzigo tunanunua visiwani Ukerewe, ambako dagaa huanikwa na kufungwa kwenye magunia kabla ya kupakiwa. Shida ni kwamba boti ikishaondoka, tena bei tukiwa tumeshalipa, mdogo wangu humpigia msaidizi wa boti na kumtumia hela ya soda ili amweleze kama mzigo uko mkavu au umepata unyevu, ilhali alfajiri magunia tutayafungua wenyewe. Hela hiyo inatoka kwenye mtaji. Nikimuuliza itamsaidia nini, hunijibu kwamba asipojua halali. Je, huu ni ugonjwa? Nimzuie?

Mzee wa Pansiansi
Mzuie. Mtaji hauchezewi.

Mwalimu wa Nyegezi
Kwa heshima, mzee wangu, jambo hili lina mizizi mirefu kuliko ubadhirifu. Mwaka 2009 Ethan Bromberg-Martin na Okihide Hikosaka walichapisha nchini Marekani jaribio la kima waliokuwa wakisubiri maji ya kunywa. Kila kima alichagua kati ya alama mbili: moja ilimletea ishara ya kumjulisha mapema kama maji yatakuwa mengi au machache, nyingine ikamletea ishara isiyomwambia lolote. Maji hayakuongezeka wala kupungua kwa sababu ya uchaguzi wake, lakini kima walipendelea kujua mapema. Seli za dopamini zilizo katika ubongo wa kati, ambazo huchangamka mnyama anapopata dalili ya maji mengi kuliko alivyotarajia, zilichangamka pia alipopata dalili kwamba habari inakuja.

Mwaka 2015 Tommy Blanchard, Benjamin Hayden na Bromberg-Martin huyohuyo wakaonyesha kwamba kima hukubali hata kupunguziwa maji ili wapate habari isiyobadilisha chochote. Hiyo ndiyo hela ya soda ya mdogo wako, na sioni sababu ya kuuita ugonjwa.

Binti wa Igoma
Mwalimu, ina maana ubongo unapima habari na malipo kwenye mizani moja?

Mwalimu wa Nyegezi
Swali zuri, na jibu linategemea unachungulia wapi. Katika utafiti huo wa 2015, seli za sehemu ya ubongo iliyo juu ya matundu ya macho zilibeba kiasi cha maji na thamani ya habari kila kimoja kwa namna yake, bila kuvijumlisha. Kenji Kobayashi na Ming Hsu, waliopima bongo za watu na kuchapisha matokeo mwaka 2019, walikuta maeneo mengine ambako thamani ya habari na thamani ya malipo zinaandikwa kwa namna moja. Mimi huelekea kudhani kwamba hesabu huanza zikiwa mbili na kukutana baadaye, ila hayo ni maoni yangu.

Mama wa Chanja
Mwanangu mleta mada, mimi nina swali la biashara. Mvua ikinyesha ziwani, mdogo wako hupiga simu pia?

Mwana wa Kirumba
Mama, umenigusa. Siku za mvua hapigi kabisa, na mara nyingine huzima simu hadi asubuhi.

Mwalimu wa Nyegezi
Hilo nalo limechunguzwa. Mwaka 2018 Caroline Charpentier, Bromberg-Martin na Tali Sharot walichapisha utafiti uliohusu bahati nasibu, ambapo washiriki walitaka zaidi kuyajua matokeo walipotarajia kupata kuliko walipotarajia kupoteza.

Mama wa Chanja
Basi anainunua habari isiyo na kazi na kuikimbia yenye kazi. Dagaa wakilowa, unaanika upya, na anayejua usiku huwapata vibarua na nafasi kwenye chanja kabla wenzake hawajaamka. Simu ya siku ya mvua piga wewe, na gharama yake iingie kwenye daftari la biashara. Ya siku za jua mwachie alipe mwenyewe, kutoka kwenye gawio lake, kwa kiasi anachotaka.