Mnara wa Krapf, Nyali: je, majina ya waanzilishi wa Kiafrika nayo yaandikwe?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, pale Mkomani, Nyali, penye Mnara wa Krapf, ndipo alipozikwa Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, pamoja na mtoto wao mchanga, baada ya homa kuwaua Julai 1844, miezi michache tu tangu wafike Mombasa. Naona ni haki mahali pale paongezwe jiwe lenye majina ya Waafrika walioibeba dini ya Kikristo ilipokuwa changa, kwani mgeni huondoka akidhani kazi yote ilifanywa na Wazungu.

Mkazi wa Kisauni: Sikubaliani nawe. Makaburi ni ya waliolala pale, yaani Krapf, mkewe na mtoto. Anayetaka kumuenzi Mringe, yule mlemavu aliyebatizwa wa kwanza, akamjengee kwao Rabai, kituo cha kale cha wamisionari karibu na Mombasa, ambako kanisa la kale lingalipo. Na hao Waafrika wa Bombay, yaani waliokombolewa utumwani wakalelewa India, walikuwa watumishi walioletwa na wamisionari. Sioni uanzilishi wao uko wapi.

Mjukuu wa Frere Town: Watumishi? Neno hilo limeniuma mimi wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, nami sitalinyamazia. William Jones alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akalelewa Nasik, India, kisha akaja Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, wakafuatana katika safari ya Buganda, na askofu alipouawa Busoga ni Jones aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani. Isitoshe, Krapf hakuzikwa Nyali. Alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1881, kwa hiyo mnara ule tayari unamkumbuka mtu asiyelala pale.

Mkazi wa Kisauni: Usinisingizie kuwadharau wazee wako. Hata Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, aliyekaa Rabai tangu 1846 hadi 1875 akaondoka akiwa kipofu, alikuwa mtumishi wa chama kilekile cha wamisionari, na sijaona mtu akilia kwa ajili yake.

Mrabai: Mnagombana juu ya Frere Town, na Mringe ametajwa mara moja tu, tena kwa kufukuzwa Nyali! Yeye alifariki muda mfupi baada ya ubatizo, kabla Mwafrika yeyote wa Bombay hajakanyaga Rabai. Namwomba mwanzisha mada aseme wazi: majina yatapangwa kwa kufuata ubatizo au daraja takatifu, yaani ushemasi na upadre? Ikiwa ni daraja, mzee wetu hatakuwamo kabisa.