Naomba ushauri: meno ya bandia yanamchubua mama fizi

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 68, aliwekewa meno ya bandia ya juu miezi minne iliyopita, muda mfupi baada ya kung'olewa meno yake ya asili. Mwanzoni yalikaa vizuri. Sasa yanacheza, yamemchubua fizi, na anakunywa uji tu. Inaniuma sana kumwona hivyo.

Usiku huyavua na kuyaloweka kwenye maji, asubuhi huyasugua kwa mswaki laini na sabuni. Nilimkuta akiyaosha kwa maji ya moto, nikamkataza maana hupinda. Najua fizi husinyaa baada ya kung'oa. Je, yanaweza kujazwa upande wa ndani yakabana tena, au lazima atengenezewe mapya? Waliouguza wazazi, mlifanyaje?