Msaada: mwanangu wa darasa la pili anachukia imla, na mafumbo ya namba yamenigeuka

mama_wa_wawili
Habari za jioni wadau. Kijana wangu yuko darasa la pili. Kusoma anasoma, tena kwa mbwembwe, ila kuandika maneno ndiyo mtihani. Hapana anaandika "apana", kalamu "karamu", ng'ombe ndiyo usiseme. Nikitaja imla tu, tumbo linaanza kumuuma.

Wiki iliyopita nikabuni mchezo. Kila herufi nikaipa namba kwa kufuata chati yetu ya ukutani, ile ya herufi 24: a ni 1, b ni 2, ch ni 3, mpaka z. Nikabandika kikaratasi kwenye friji: 20-2-20-23-20. Akifumbua neno, anapewa kitu chenyewe. Jibu lilikuwa UBUYU. Kumbe dada yake, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, kamwazima chati yake ya herufi 26. Mtoto akaja na TBTWT. Alilia huyo! Ubuyu nikampa tu.

Ile chati nyingine nimeificha, na sasa anafumbua fasta, dakika tatu haziishi. Lakini jana nafungua daftari, "apana" iko palepale. Nakosea wapi? Au niachane nayo?

ticha_chaki
Mama, mchezo ni mzuri, umempa upande rahisi tu. Akitoa namba na kuweka herufi, hapo ananakili. H umeshamwekea wewe, hana haja ya kujiuliza kama ipo au haipo. Mgeuzie kibao: yeye ndiye afiche, mwingine afumbue. Akitaka kuandika hapana kwa namba, lazima aamue anaanza na 8 au na 1, na hapo hakuna wa kumwonyesha.

Maneno yasizidi matano kwa siku, yawe yale anayoyakosea. Darasani kwangu wanakaa wawili wawili, mmoja anaficha, mwenzake anafumbua. Asiyeelewa ujumbe anaurudisha kwa mwandishi. Kalamu nyekundu siigusi kabisa.

Halafu angalia, sh, ny, dh, th na ng' hazina namba zake kwenye chati hiyo. Shule inakuwa 18-8-20-12-5, na iache hivyohivyo, ataona kwamba ile sauti moja inaandikwa kwa herufi mbili. Ch peke yake ndiyo imepewa chumba chake, mwambie mapema asije akaandika 3-8.

mzee_wa_ubao
Mambo ya kuiga haya. Sisi tulijua kuandika kwa ubao na kiboko, hakuna cha namba wala friji.

bibi_wa_barazani
Kuiga kwa nani, mwanangu? Sie Unguja tumekua na kinyume, watoto tukitaka kusemezana mbele ya wakubwa. Silabi ya mwisho unaileta mbele: kitabu "bukita", nyumba "mbanyu", ng'ombe "mbeng'o". Mjukuu wangu alikuwa akiandika "nyuba". Nikamwambia aiseme kwa kinyume, akasema "banyu", wenziwe wakamcheka mpaka wakakaa chini. Toka siku hiyo ile m haimpotei.

Mama, mchezeshe kwa mdomo kwanza, karatasi itafuata. Na usisahau mtoto, "tomto". Hiyo m inayosimama peke yake inawatatiza wengi, wanaiandikia "mu".

mzee_wa_ubao
Shikamoo bibi. Hapo umenikumbusha mbali, nafuta kauli.

baba_wa_la_nne
Wa kwangu amehama namba, tunatumia alama: nyota, duara, jani. Chati simpi, anaitafuta mwenyewe. Nilimpa dokezo mbili tu: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo aangalie alama za mwishoni, na alama inayojaa kuliko zote, aanze kwa kuijaribu kama a. Ujanja wa kuhesabu alama ni wa zamani, mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad aliuandika karne ya 9. Ila kwa la pili ni mapema, atachoka na wewe utachoka.

sikio_kwanza
Kuna kitu mnakiruka. R na l si tatizo la mkono, ni la sikio. Kama nyumbani nyote mnasema "karamu", namba hazitamsaidia.

mama_wa_wawili
@sikio_kwanza hapo umenipiga. Mimi nasema vizuri, ila baba yake... basi tuishie hapo 😂

ticha_chaki
Basi huyohuyo baba ndiye awe mfumbuaji. Tumieni maneno yanayobadilika maana: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Na mjibuni alichoandika, msijibu alichokusudia.

mama_wa_wawili
Mrejesho wadau. Juzi usiku kamwachia baba yake kikaratasi ndani ya kiatu: 14-1-15-13-2-1 11-1-17-1-13-20. Naomba karamu. Baba mtu naye kajibu kwa namba, kakichomeka kwenye kiatu cha shule: "Karamu ya watu wangapi?"

Asubuhi mtoto kafumbua, kaduwaa. Karudi kwenye chati, kapita na kidole herufi kwa herufi huku anajisemea "ka-la-mu, ka-la-mu", akafuta ile 17 kwa mate na kuweka 12. Karatasi imetoboka. Chai imepoa, gari la shule linapiga honi nje, yeye hana habari, anamwandikia baba yake jibu kwa hasira. Nimechungulia limeanza hivi: 1-16-1-14-1.

H bado hamna. Hilo nalijibu mimi leo jioni.