Mama hasikii kengele ya baiskeli, tutembeeje salama kwenye njia ya pamoja?

Mtembezi: Habari zenu wakuu. Jioni hutembea na mama yangu kwenye njia inayotumiwa na watembea kwa miguu, wakimbiaji na wenye baiskeli. Mama ni mtu mzima na masikio yake ni mazito. Kengele ikilia nyuma yetu mimi naisikia, yeye haisikii. Nikimvuta mkono anashtuka na kuyumba, wakati mwingine kuelekea kulekule baiskeli inakopita. Juzi mwenye baiskeli mmoja alimgusa kiwiko akipita, halafu akatugombeza kwamba alishapiga kengele. Sitaki mama aache kutembea, ndiyo mazoezi pekee anayoyapenda. Tukae upande gani? Na wenye baiskeli, mnapenda tufanye nini?

Magurudumu Mawili: Mpe mama pole. Mimi naendesha baiskeli, na huyo aliyewagombeza amekosea. Kengele ni taarifa tu, mwenye kasi ndiye anayepaswa kuhakikisha imefika. Ukienda kilomita 20 kwa saa unakata kama mita 5.6 kila sekunde, na anayetembea hata mita 1.5 hafikishi. Ukipiga kengele ukiwa mita tano nyuma yake, umempa kama sekunde moja asikie, aelewe na aamue. Mimi napiga nikiwa mita 25 au 30, naacha kukanyaga pedali, namtazama. Kageuka? Kasogea? Nisipoona dalili najua hajasikia, napunguza mpaka mwendo wa miguu. Viziwi wapo, na watoto hukatiza bila kuangalia.

Kwenu nyinyi: mama akae ukingoni, wewe ukae upande wanakopita wenye kasi. Na usimvute. Shikaneni mikono tangu mwanzo, ukisikia kengele umbonyeze kiganja kidogo, mkubaliane kwamba hapo anaendelea kunyooka. Anayenyoosha mwendo wake ni rahisi kumpita kuliko anayeruka pembeni.

Mbio za Alfajiri: Sisi wakimbiaji nasi tujirekebishe, maana hatuna kengele na tunatokea kimya. Mimi nasema "samahani, napita" nikiwa bado mbali. Sipigi kelele za "kushoto!" au "kulia!", kwa sababu mtu aliyeshtuka husogea upande uleule uliotajwa. Hedifoni, acha sikio moja wazi. Na ukitaka kugeuza urudi ulikotoka, angalia nyuma kwanza.

Mwenye Subira: Kuhusu upande, fuateni alama za njia yenyewe. Kama hakuna, kaeni upande ambao magari ya kwenu hupita. Ile kanuni ya kutembea mkiyatazama magari yanayokuja ni ya barabara isiyo na njia ya miguu.

Pedali: Nipingane kidogo. Watembeaji nao wana yao. Watu wanne wamejipanga safu nzima, au mbwa yuko ukingo huu na mwenyewe ule, kamba imekatiza njia. Kamba hiyo jioni huioni mpaka imekufikia. Na mkitaka kusimama mpige soga, tokeni nje ya njia jamani.

Magurudumu Mawili: Hayo ni kweli, Pedali, ila mama huyu hajafanya hata moja.

Mtembezi: Asanteni sana. Giza likianza kuingia je, fulana inayoakisi mwanga inatosha?

Magurudumu Mawili: Inasaidia, lakini inang'aa pale tu inapomulikwa, na baiskeli nyingine hazina taa. Mbanie mama taa ndogo nyekundu mgongoni au kwenye mkoba. Wenzangu wa baiskeli nao wainamishe taa ya mbele. Ikimpiga mtu machoni haoni chochote kwa muda, na hapo ndipo anapoingia njiani kwako.

Mtembezi: Taa nitanunua. Ishara ya kiganja tumeanza kuijaribu hapa nyumbani. Mama anauliza, naye abonyeze kunijibu?

Magurudumu Mawili: Ndiyo, ajibu. Asipojibu, simameni ukingoni mpaka baiskeli ipite.