Wikendi Dodoma kwenye zabibu: nilale mjini au Hombolo?

mama_pacha:
Wakuu, habari za jioni. Mwisho wa Agosti mimi na mzee tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Zanzibar tumeshakwenda, Bagamoyo ndiyo nyumbani kwao, kwa hiyo nimeng'ang'ania Dodoma. Nataka kuona mashamba ya zabibu kule Makutupora na Hombolo, nionje waini pale pale inapotengenezwa. Tunaondoka Dar Ijumaa kwa SGR, tunarudi Jumapili. Watoto nawaacha kwa bibi yao.

Mzee hanywi kabisa, ananicheka kwamba nampeleka jangwani kutazama miti. Juzi kafungua ramani, akaniambia Makutupora iko Manyoni huko Singida, eti nimechanganyikiwa. Nisaidieni: nilale mjini au Hombolo? Na kweli nitaona zabibu, au nitakuta vijiti?

mjukuu_wa_mtemi:
Mbukwenyi! Mimi wa Hombolo, baba yangu ana ekari mbili za mizabibu, nimekua nikifukuza ndege humo kwa kopo na fimbo.

Mwambie shemeji Makutupora ziko mbili. Ile ya Manyoni ndiyo inayotajwa kwenye ujenzi wa reli. Yetu iko kaskazini ya mji, barabara ya Arusha, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Ile zabibu nyekundu unayoisikia, Makutupora, imepata jina hapo. Nyeupe inayolimwa sana ni Chenin Blanc.

Kuhusu vijiti, umebahatika. Ulaya mzabibu unalazwa na baridi. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, anaulaza mkulima: anaukatia maji, anaupogoa, na miezi minne hivi baadaye unavuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Agosti na Septemba ni msimu, na kwa vile hakuna mvua, zabibu inakuwa na sukari hasa. Ila shamba na shamba hayalingani. Jirani akichelewa kupogoa, yeye ana mbichi wewe umemaliza.

Sasa ukweli mchungu. Usije na picha za Afrika Kusini kichwani, za meza chini ya mti na mhudumu mwenye kitambaa. Kiwanda huku ni kiwanda: matangi, mipira ya maji, watu wenye gambuti. Wengine wanakaribisha wageni, lakini piga simu katikati ya wiki. Ukifika Jumamosi mchana bila taarifa utaongea na mlinzi. Wakulima wadogo wanakamua na kuhifadhi, wanaita "mchuzi wa zabibu", wanauzia viwanda vikubwa. Ukipewa kikombe cha mchuzi, onja taratibu. Una uso wa juisi na tabia ya pombe.

Lala mjini, Hombolo ni kama kilomita arobaini tu. Kuna bwawa pale, kaeni jioni. Shemeji atapata cha kutazama. Na chukua koti, usiku wa Agosti Dodoma si wa Kinondoni.

konda_mstaafu:
Naunga mkono kulala mjini. Naongeza Bihawana, barabara ya Iringa. Mapadre ndio walioanzisha zabibu pale miaka ya 1950, walitaka divai ya misa. Kwa mtu asiyekunywa, hiyo ni historia safi. Pale bajaji mkubaliane bei ya kwenda na kurudi KABISA kabla ya kupanda. Mimi nilikubaliana ya kwenda tu, nikajuta.

chenga_za_dar:
Waini ya Dodoma tamu kama soda, mnasumbuka bure. Nunueni dompo dukani mkae nyumbani.

mjukuu_wa_mtemi:
@chenga_za_dar hiyo inaongezwa sukari kwa ajili ya watu kama wewe. Omba kavu, isiyo na utamu, uone.

mama_pacha:
MREJESHO. Tumerudi jana. Kiwanda cha kwanza simu haikupokelewa hata mara moja, cha pili tukapokelewa vizuri na binti mmoja aliyetuonyesha matangi yote. Nyekundu kavu ilinikunja uso, nyeupe nimebeba chupa tatu. @mjukuu_wa_mtemi, mzee wako wa Hombolo alitukatia vishada mwenyewe, akakataa hela, akaniuliza utaoa lini. Nikasema nitakufikishia.

Shemeji yako hakuonja waini, ila alikaa shambani saa mbili akihesabu nguzo na kuuliza bei ya waya. Kwenye treni kurudi aliniuliza ekari moja Hombolo inauzwaje. Mwenye kujua aje PM.