Naomba ushauri: kebo za usukani wa mkia zinalegea wakati wa baridi

Ndugu wanachama, ninaishi Minnesota, Marekani, ambako ninajijengea ndege ya alumini ya viti viwili, Zenith CH 750, na kebo za usukani wa mkia zimenikwamisha. Mwezi Agosti nilizikaza kwa kipimo cha mkazo hadi pedali zikatulia vizuri. Lakini Januari, katika banda lisilo na joto, nilizikuta zimelegea kiasi kwamba usukani unachezacheza hata pedali zikiwa zimeshikiliwa. Chanzo nakielewa: alumini husinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo bodi hufupika kuliko kebo. Nikizikaza zaidi sasa, kiangazi kikirudi mkazo utapanda, kapi zitalemewa na msuguano utanipotezea hisia ya usukani miguuni, jambo linalonitia hofu kweli, maana pedali hizo hizo ndizo zinazogeuza gurudumu la mbele.

Skrubu za kukazia nimezifunga kwa waya wa usalama, na hesi zilizobaki nje hazizidi 3. Je, mkazo uwekwe kwa joto la wastani wa mwaka, au urekebishwe kila msimu? Na kipimo nikifunge sehemu gani ya kebo? Nitamshukuru sana aliyewahi kurusha ndege kama hii katika baridi kali.