Kijana ana miaka 17, Denmark wamemwita, huku naambiwa Taifa Stars nao wanamtaka. Naombeni ushauri

Baba_Kiungo:
Wakuu, kwema? Naishi Aarhus mwaka wa 20 sasa, kwetu Tanga, Ngamiani. Mke wangu ni Mdenishi. Mwanetu wa kwanza anacheza namba tatu kwenye timu ya vijana hapa, Desemba anatimiza 18. Mwezi uliopita aliitwa kambi ya U-18 ya Denmark. Wiki hiyohiyo akanipigia jamaa anayejiita wakala, eti Stars wanamhitaji, "AFCON 2027 iko nyumbani mzee, fanya haraka." Barua hakuna, ni WhatsApp tu.

Bibi yake kila Jumapili anatuma sauti: "Nitamwona lini kwa Mkapa?" Mama yake kanyamaza, ila soksi nyekundu za kambini kazifua na kuzikunja mwenyewe, nami ujumbe nimeupata. Nikimuuliza kijana anajibu, "Baba, mimi nataka kucheza tu." Nifanyeje?

Namba_Sita:
Mkuu, acha dogo acheze Denmark. Yussuf Poulsen baba yake Mtanzania, akachagua alikozaliwa. Kombe la Dunia 2018 kawafunga Peru, na mgongoni kaandika Yurary, jina la marehemu baba yake. Nani atamwambia huyo hana asili?

Wa_Makorora:
Mnamtisha mzee bure. Mechi ya kirafiki haimfungi mtu kwenye nchi moja. Zaha alicheza mbili za kirafiki England, akaishia Ivory Coast. Na tangu 2020 FIFA wamelegeza: hata aliyecheza mechi za mashindano timu ya wakubwa anaweza kuhama, mradi jumla ya mechi zake za wakubwa huko, hata za kirafiki, zisizidi tatu, za mashindano zote kabla hajafikisha 21, ipite miaka mitatu, na isiwemo ya fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Munir wa Hispania alikwama miaka kwa mechi moja tu ya 2014, sheria ilipobadilika akavaa jezi ya Morocco. Kuhama ni mara moja lakini.

Karani_Mstaafu:
Wote mmeruka jambo lenyewe. Kuhama kuna sharti: siku alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano kwa Denmark, hata ya vijana, awe TAYARI ana uraia wa Tanzania. Na sisi uraia pacha hatuna kwa mtu mzima. Akitimiza 18 asipoukana wa Denmark, wetu unakwisha. Ile hadhi maalumu ya diaspora si uraia, msije mkachanganya. Kwa hiyo kabla ya jezi, nijibu: wakati anazaliwa, wewe ulikuwa bado Mtanzania? Na ana karatasi gani?

Otieno_wa_Mbao:
Sisi huku Kenya Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, na bado Origi akaenda zake Ubelgiji, na babake alichezea Harambee Stars! Pasipoti haivuti mtu peke yake, boss.

Shangazi_Msomi:
Huyo wakala mblock. Timu ya taifa inaita mchezaji kwa maandishi, na klabu yake inapewa taarifa. Asikuombe hata senti ya "kufuatilia". Na kaka yangu, usimwambie mtoto kuhusu bibi kila siku, utamvunja moyo bure.

Baba_Kiungo:
Asanteni. @Karani, mimi nilichukua uraia wa huku 2016, yeye alikuwa keshazaliwa. Ana cheti cha hapa tu, pasipoti ya Tanzania sikuwahi kumtafutia, nilidhani tuna muda.

Karani_Mstaafu:
Basi kwa kurithi ni Mtanzania, ila hana cha kuonyesha. Ubalozi wetu wa huko uko Stockholm. Beba cheti chake na pasipoti yako ya zamani, ile uliyokuwa nayo alipozaliwa. Na ulizia, kabla ya Desemba kuna mechi ya mashindano au za kirafiki tu?

Baba_Kiungo:
Za kirafiki mbili, Septemba. Pasipoti ya zamani iko kwa mama, Ngamiani, ndani ya sanduku la kanga. Nampigia sasa hivi.